Mwalimu Aliyesikia Noti Moja: Kisa cha Kapteni Dyett na Wahitimu wa DuSable

Kwetu Tanzania mahafali ya kidato cha nne hayakamiliki bila risala ya wahitimu. Mwanafunzi mmoja anasimama mbele ya mgeni rasmi na karatasi iliyokunjwa mara mbili, anatoa salamu, anataja idadi ya wahitimu, wavulana wangapi na wasichana wangapi, anaeleza upungufu wa maabara na uzio, na karibu na mwisho anafika kwenye lile fungu la kuwashukuru walimu. Watu wanapiga makofi, mshereheshaji anaita kikundi cha ngoma. Mimi niliwahi kuandika risala hiyo. Sikumbuki hata sentensi yake moja. Ninachokumbuka hadi leo ni mwalimu wetu wa bendi amesimama nyuma ya turubai, tarumbeta ya akiba kwapani, anahesabu vichwa kuona kama wapigaji wote wamefika. Kwenye risala hakumo. Tulishukuru "walimu wote kwa ujumla," na yeye tukamjumlisha humo.

Labda ndiyo maana kisa cha Walter Dyett wa Chicago kimenikaa kichwani miaka yote hii. Ni kisa cha mwalimu wa bendi wa shule ya sekondari, mtu mkali, aliyemtoa mtoto mazoezini bila kusita, na ambaye wanafunzi wake waliendelea kumtaja kwa shukrani hadi nao wakazeeka. Nataka kukichambua kwa sababu naona tunakosea tunapodhani shukrani kwa mwalimu wa namna hii inaweza kusemwa yote siku ya mahafali. Siku ile mhitimu hajui bado amepewa nini. Alichopewa kiko sikioni na vidoleni, na hakijitokezi mpaka asimame mahali ambapo mwalimu hayupo.

Mtu na mtaa

Dyett alizaliwa mwaka 1901 mjini St. Joseph, Missouri, akakulia California, na huko ndiko alikojifunza fidla. Miaka ya 1920 alifika Illinois kusomea udaktari. Hakuumaliza. Familia ilihitaji kula, na chombo alichokuwa nacho mkononi kilikuwa fidla, hivyo akaingia kazini katika okestra ya Erskine Tate kwenye ukumbi wa Vendome, enzi za sinema zisizo na sauti, wakati picha ilipohitaji wanamuziki ukumbini. Ni okestra ile ile ambayo Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri, naye aliwahi kuipigia. Baadaye Dyett akaongoza bendi ya Kikosi cha Nane cha Illinois, kikosi cha askari Weusi, na cheo cha Kapteni kikamganda. Shuleni hakuna aliyemwita vinginevyo.

Alianza kufundisha bendi katika shule ya Wendell Phillips mwaka 1931, katikati ya mdororo wa uchumi. Mwaka 1935 jengo jipya la shule hiyo likafunguliwa kwenye Wabash Avenue, upande wa kusini mwa jiji, na mwaka 1936 likapewa jina la DuSable, kwa heshima ya Jean Baptiste Point DuSable, mtu Mweusi anayehesabiwa kuwa mgeni wa kwanza kuweka makazi ya kudumu pale palipokuja kuwa Chicago. Dyett alibaki hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ukitaka kumwelewa lazima uuone mtaa wenyewe. Bronzeville ilikuwa imejaa watu hadi pomoni. Familia za Wamarekani Weusi zilikuwa zikipanda treni kutoka Mississippi, Alabama na Louisiana, na zikifika Chicago zinakuta mikataba ya nyumba inayowazuia kununua au kupanga nje ya mipaka waliyochorewa. Mikataba hiyo haikupoteza nguvu mahakamani hadi mwaka 1948. Watu wakabanana humo humo, wenye fedha na wasio nazo, mchinjaji wa machinjioni na daktari, na watoto wao wote wakaingia DuSable. Shule hiyo ilimsomesha Harold Washington, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mweusi wa Chicago mwaka 1983. Ilimtoa John H. Johnson, mwanzilishi wa jarida la Ebony.

Na kazi? Kijana Mweusi aliyemaliza sekondari mwaka 1938 alikuwa na machinjio, reli, na majumba ya watu ya kusafisha. Muziki ulikuwa mlango mmoja wa kweli kati ya milango michache, nao ulikuwa na bawabu wake. Wanamuziki Weusi wa Chicago walikuwa na chama chao, tawi namba 208, kwa kuwa tawi la Wazungu, namba 10, halikuwapokea. Matawi hayo mawili hayakuungana hadi mwaka 1966. Ili upate kazi kwenye bendi kubwa ilikubidi usome noti karatasini papo hapo, bila kupewa muda wa kuzizoea, ufike kwa saa, uvae suti safi, unyamaze wakati kiongozi anaongea. Dyett aliyajua haya kwa kuwa aliyaishi. Alichokifundisha chumbani mwake kilikuwa kazi, na aliwatendea watoto wa miaka 14 kama watu walio kazini tayari.

Chumbani

Jambo ambalo waliopita mikononi mwake wamelisimulia kuliko lolote ni sikio lake.

Kila aliyewahi kukaa safu ya nyuma ya bendi ya shule anajua ujanja wa kujificha. Klarineti ziko kumi na mbili. Wimbo umefika mahali pagumu, vidole vyako vimepotea, basi unavimbisha mashavu, unachezesha vidole juu ya vitufe, hupulizi kitu. Sauti za wenzako zinakufunika kama shuka. Au unapuliza kweli, ila noti iliyotakiwa kushushwa nusu sauti umeiacha juu, na unajiambia: katika kelele hii nani atajua? Kwa walimu wengi ujanja huo hufaulu. Nimeufanya mimi mwenyewe, na ulifaulu.

Kwa Dyett haukufaulu. Alisimamisha bendi nzima, akaelekeza kidole kwa mtoto mmoja, na akataja noti aliyoikosea. Ukikosea tena bila sababu, au ukifika hujafanya mazoezi nyumbani, mlango uko pale. Maneno yake yalikuwa makali, wakati mwingine makali kupita yale ambayo shule ya leo ingeyavumilia. Watu waliokuja kuwa wanamuziki wa kutajwa dunia nzima wamekiri kwamba waliwahi kutolewa nje ya chumba kile, na kwamba walirudi.

Hapo kwenye kurudi ndipo nilipokaa sana nikifikiri. Mtoto anayefukuzwa na mwalimu asiyemjali haoni sababu ya kurudi. Anarudi kwa yule aliyemfukuza kwa kosa alilolifanya yeye na si mwingine, noti yake mwenyewe, kipimo kile cha muziki, kidole kile. Ndani ya ukali huo mlikuwa na kitu ambacho mtoto wa Bronzeville hakukipata kwingi: mtu mzima aliyemtofautisha na kundi. Darasani yumo kwenye umati. Mtaani, machoni pa jiji, ni mmoja wa "wale wa upande wa kusini." Kwa Kapteni alikuwa klarineti ya pili, wa tatu kutoka kushoto, aliyesahau kushusha noti. Kusikiwa namna hiyo kunauma siku ile, na nadhani hicho ndicho walichokuja kumshukuru baadaye.

Johnny Griffin anatuonyesha jambo hili vizuri kuliko wengi. Alizaliwa mwaka 1928, mdogo wa umbo, hata utu uzimani aliitwa Jitu Dogo. Kwenye dansi ya kumaliza shule ya msingi alimwona Gene Ammons akipiga saksafoni ya tena, ile yenye sauti nzito kuliko alto, na palepale akajua anachokitaka maishani. Ammons mwenyewe alikuwa ametoka kwenye mikono ya Dyett. Basi Griffin akaingia DuSable na ndoto ya saksafoni hiyo moyoni, na bendi ikampa klarineti. Kisha oboi. Kisha saksafoni ya alto. Saksafoni ya tena aliyoitamani alikuwa bado hajaifanya chombo chake alipomaliza shule.

Mtu angeona huo ni ukatili mdogo wa mwalimu anayependa kubana. Tazama kilichofuata. Mwaka 1945 Griffin alihitimu, na siku tatu baadaye, siku tatu tu, alikuwa kwenye bendi ya Lionel Hampton, moja ya bendi kubwa za Marekani wakati ule, na huko ndiko alikohamishiwa kwenye saksafoni ya tena. Kijana wa miaka 17 amekabidhiwa chombo kingine na anatakiwa kukipiga mbele ya watu waliolipa kiingilio. Aliweza. Aliyepitia klarineti na oboi amekwisha kufundisha midomo na pumzi zake mambo ambayo saksafoni peke yake isingeyadai. Oboi hasa haina huruma, ukibana pumzi vibaya inakulilia kama mbuzi. Miaka minne ya kulazimishwa ilijieleza ndani ya siku hizo tatu. Kama Griffin angeombwa kuandika risala siku ya mahafali yake, sidhani angeyaweka haya, kwa kuwa yalikuwa hayajatokea.

Hi-Jinks

Kila mwaka Dyett na wanafunzi wake walitayarisha onyesho kubwa lililoitwa Hi-Jinks: nyimbo, dansi, vichekesho, bendi imekaa chini ya jukwaa kama kwenye kumbi za kweli. Watu wa mtaa walilipa kiingilio wakajaza ukumbi, na fedha zikasaidia kununua ala na sare. Shule za watu Weusi Chicago hazikugawiwa sawa na nyingine, na bendi isiyo na saksafoni haifundishiki kwa maneno.

Naliona hili kuwa nusu ya kisa, ingawa wengi hulitaja kwa kupitia. Mtoto ambaye mama yake hawezi kumnunulia tarumbeta alipiga tarumbeta iliyonunuliwa kwa jasho la onyesho alilolifanya yeye na kaka zake waliomtangulia. Akihitimu anaiacha kabatini, mdogo wake anaichukua. Hakuna aliyedaiwa fadhila, na kila aliyeigusa alijua imetoka wapi. Onyesho pia lilimweka mtoto chini ya taa, mbele ya jirani zake, akiwa amepangiliwa na kukaguliwa, kabla hajakutana na hadhira isiyomjua. Na lilimweka mwalimu shuleni jioni baada ya jioni, saa ambazo hakuna aliyemlipa. Mzazi mwenye akili aliziona saa hizo hata kama mwanawe hakuziona.

Ukali: tuukope au tuukatae?

Walimu wengi wa bendi na kwaya huku kwetu wakisikia kisa kama hiki hupata faraja isiyofaa. Husema: mnaona, ukali unazaa vipaji. Mimi sikubali, na nina sababu mbili.

Ya kwanza, wanaosimulia ni waliobaki. Ammons, Griffin, Von Freeman, Dorothy Donegan kwenye piano, Johnny Hartman mwimbaji, Clifford Jordan, John Gilmore, Julian Priester, hao waliulizwa na wakajibu. Yule aliyetolewa nje siku moja mwaka 1947 akaenda zake, akaiweka klarineti chini moja kwa moja, hakufuatwa na mwandishi yeyote. Lazima walikuwepo. Shukrani za waliofaulu haziwezi kuwasemea.

Ya pili ni nzito zaidi. Ukali ulikuwepo tele katika shule za wakati ule, na walimu wakali walikuwa wengi, lakini hawakuacha nyuma yao kitu kama hiki. Kilichokuwa adimu ni sikio, na saa za jioni, na ujuzi wa kazi yenyewe uliotoka ukumbini ukaletwa darasani. Mwalimu anayekopa sauti ya juu ya Dyett bila sikio lake atabaki na watoto waliotishika tu. Aliye na sikio lile akaongea kwa upole, naamini angefika mbali zaidi, na angewabakiza baadhi ya wale waliokwenda zao.

Deni linavyolipwa

Sasa tuje kwenye shukrani zenyewe. Walimtaja Dyett kwenye mahojiano, ndiyo, tena mara nyingi. Ila mimi naangalia zaidi walichofanya na maisha yao.

Von Freeman alimaliza DuSable, akapiga katika bendi ya Horace Henderson, akatumikia jeshi la majini wakati wa vita, akarudi Chicago na hakuhama tena. New York ilikuwa inamwita kila mpiga saksafoni wa kiwango chake. Yeye akabaki upande wa kusini. Kwa miongo kadhaa, kila Jumanne usiku, alikuwa kwenye baa ya New Apartment Lounge, mtaa wa 75. Alipiga na kundi lake kwanza, halafu vijana waliosubiri na mikoba ya ala zao miguuni wakapandishwa jukwaani. Wengine walikuwa wazuri, wengine bado kabisa. Wote walipata zamu. Mwaka 2012, mwaka aliofariki, serikali ya Marekani ilimpa heshima yake ya juu kwa wanamuziki wa jazi.

Halafu yupo Richard Davis, ambaye kwa kweli ndiye ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Alizaliwa mwaka 1930. Alikuwa mtoto mwenye haya, na yeye mwenyewe alieleza kwamba alilipenda besi kubwa la kusimama kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya kuvutia na kwa kuwa daima liko nyuma. Alitaka mahali pa nyuma. Fikiria mtoto wa namna hiyo akiingia kwenye chumba cha mwalimu ambaye hakuna wa kujificha mbele yake. Alikipitia. Akafuatana na mwimbaji Sarah Vaughan kwa miaka, akapiga katika okestra zilizoongozwa na Stravinsky na Bernstein, akawa mtu anayetafutwa na studio za New York kwa kila aina ya muziki. Na mwaka 1977, akiwa kileleni, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Alifundisha hapo hadi mwaka 2016. Mwaka 1993 alianzisha taasisi ya kuwakutanisha vijana wanaojifunza besi na wapigaji wazoefu, watoto waliobeba chombo kikubwa kuliko wao wenyewe. Alifariki mwaka 2023, na hadi uzeeni jina la Kapteni halikumtoka mdomoni.

Karibu miaka 40 ya kufundisha. Kwa mtu aliyetaka kukaa nyuma, sijui risala gani ingesema zaidi.

Nisisahau kwamba wengi wa wanafunzi wa Dyett hawakuwa wanamuziki kabisa. Walikuwa makarani wa posta, wauguzi, madereva, walimu, watu ambao jioni walisikia wimbo redioni na wakajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba tarumbeta ya pili imechelewa nusu pigo. Sikio halistaafu. Hao nao walibeba alichowapa, bila jukwaa la kukionyesha.

Jina ukutani

Dyett alifariki mwaka 1969. Mwaka 1972 Chicago ilifungua shule kwenye bustani ya Washington Park, mtaa wa 51, kilomita moja na kitu kutoka DuSable, ikapewa jina lake. Baadaye ikawa sekondari. Mwaka 2012 bodi ya shule za jiji iliamua kuifunga hatua kwa hatua, wanafunzi wapya wakaacha kuingia, na Juni 2015 likahitimu darasa la mwisho: vijana 13.

Tarehe 17 Agosti mwaka huo, wazazi, mabibi na wanaharakati 12 wa Bronzeville waliketi nje ya shule hiyo wakagoma kula. Waligoma siku 34. Sitaki kudai walifanya hivyo kwa ajili ya fidla ya Kapteni. Walitaka mtaa wao uwe na sekondari ya umma inayompokea kila mtoto wa pale bila mchujo, na mpango waliouandika ulihusu uongozi na teknolojia ya kutunza mazingira. Mpango huo haukukubaliwa. Kilichokubaliwa ni shule yenyewe kufunguliwa upya, wazi kwa watoto wa mtaa, ikiwa shule ya sanaa, na jina likabaki. Inaitwa Dyett ya Sanaa.

Ilifunguliwa Septemba 2016. Walioingia kidato cha kwanza mwaka huo walimaliza mwaka 2020, mwaka wa korona, shule zimefungwa tangu Machi, mahafali ya kawaida hayapo. Hawakupanda jukwaani. Hawakumsomea mtu risala. Lakini kila mmoja ana cheti, na juu ya cheti hicho pameandikwa jina la mwalimu wa bendi.